Je, ni dhambi kumtenga mwanambuzi na mama yake?

Swali: Assalaam alaykum daktari. Mimi ni mama wa mtoto wa miezi minne, tunaishi milimani Lushoto. Mwaka jana tulianza kufuga mbuzi watatu wa maziwa, chotara wa Toggenburg. Mmoja amezaa mapacha siku kumi zilizopita, na mwingine, tunamwita Shani, tunamtarajia baada ya wiki mbili. Mume wangu amesoma kwamba ili tupate maziwa ya kuuza, watoto watengwe na mama siku ile ile wanayozaliwa, wanyweshwe kwa chupa. Mimi nanyonyesha, na mbuzi akimlilia mwanawe maziwa yananitoka yenyewe. Mume anasema hiyo ni huruma ya uzazi tu, ufugaji ni biashara. Je, si dhambi kuwatenga? Halafu mama mkwe anataka nianze kumpa mwanangu maziwa ya mbuzi, anaona yangu ni mepesi. Na huyo huyo anasema Shani akianza uchungu nisimsogelee, mkunga wake ni Mwenyezi Mungu. Sijui nishike lipi.

Jibu: Wa alaykumu salaam, mdogo wangu.

Wale mapacha waache na mama yao. Nalisema hili kwanza kama daktari wa mifugo, kwa sababu najua shemeji atataka hesabu kabla ya huruma, na hesabu ipo upande wako.

Ushauri aliousoma si wa uongo, ila uliandikiwa watu wengine. Ni wa mashamba ya Ulaya na Marekani yenye mamia ya mbuzi wanaokamwa kwa mashine, ambako kila lita ina mnunuzi anayeingoja. Kule huwaondoa wanambuzi mapema kwa sababu mbili. Moja ni kwamba maziwa ya unga ya kulelea wanambuzi hupatikana kwa bei ndogo kuliko maziwa wanayouza. Ya pili ni ugonjwa. Kuna kirusi kiitwacho CAE, kinachovimbisha magoti ya mbuzi wakubwa na kuwakondesha polepole, na njia yake kubwa kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto ni dang'a, yaani maziwa ya kwanza, na maziwa yanayofuata. Shamba likiwa nacho, mwanambuzi huchukuliwa kabla hajalambwa, akapewa dang'a iliyopashwa moto wa nyuzi 56 kwa saa nzima, bila kuzidi wala kupungua. Hiyo ni kazi ya kipimajoto, jokofu na vijana wa zamu. Wewe una mbuzi watatu, jiko la kuni na mtoto wa kunyonya. Kama katika mbuzi wenu wakubwa yupo mwenye magoti yaliyovimba na anayechechemea bila kuumia popote, mwiteni daktari wa mifugo achukue damu ikapimwe. Kama hayupo, sioni kwa nini mbebe mzigo wa shamba la mbuzi mia tano.

Sasa hesabu yenyewe. Chotara aliyelishwa vizuri hutoa lita moja mpaka mbili kwa siku. Tuseme wako anatoa mbili. Mwanambuzi wa kilo tatu anahitaji nusu lita hivi kwa siku katika wiki za mwanzo, na hao ni wawili, kwa hiyo lita moja ni yao. Ukiwatenga utaikama ile lita, utaipasha moto ifike joto la mwili wa mbuzi, utaigawa mara nne kwa siku, utaosha chupa na nyonyo kwa maji yaliyochemka kila mara, halafu lita ile ile utairudisha matumboni mwao. Inayobaki kuuza ni lita moja, sawasawa na ambayo ungebaki nayo kama wangenyonya wenyewe. Ili shemeji apate zaidi ya hapo lazima mwanambuzi apunjwe, na mwanambuzi aliyepunjwa hafikii uzito wa kuuzwa wala wa kupandwa kwa wakati. Faida ya asubuhi inalipwa mwishoni mwa mwaka.

Nina sababu ya kulisema hili kwa ukali kidogo. Nilipoanza kazi niliishauri familia moja yenye mbuzi wanne wafanye hivyo hivyo anavyotaka shemeji. Niliwaandikia ratiba ya chupa kwenye karatasi, saa na vipimo, na nikaona nimefanya jambo la kisasa. Ilikuwa masika. Kuni zilikuwa mbichi, chupa zilikuwa za soda ambazo shingo yake haifikiwi na brashi, na maziwa ya alfajiri yalinyweshwa yakiwa yamepoa. Ndani ya wiki mbili wanambuzi watano kati ya saba walikufa kwa kuhara. Mama wa nyumba ile hakunilaumu. Alinipeleka nyuma ya migomba akanionyesha alikowafukia, akaniuliza kama kuna kosa alilofanya. Hakukuwa na kosa lake. Karatasi ilikuwa na mwandiko wangu.

Tangu siku hiyo nimejifunza kuanzia kwa mama mwenyewe kabla ya kuanzia kwenye chupa.

Mwanambuzi huzaliwa karibu bila kinga mwilini, na hapo anatofautiana na mwanao. Kondo la nyuma la mwanamke hupitisha kinga kutoka damu ya mama kumfikia mtoto angali tumboni. La mbuzi halipitishi. Ulinzi wote wa mwanambuzi umewekwa kwenye dang'a, yale maziwa mazito ya njano ya siku za kwanza, na utumbo wake huweza kuupokea ulinzi huo kwa muda wa saa 24 hivi, huku uwezo ukipungua kila saa inayopita. Mwenye kilo tatu anahitaji kiasi cha mililita 300 siku hiyo ya kwanza, na ni vizuri awe ameanza kunyonya kabla ya saa mbili kupita. Kinga hiyo ndiyo inayomshikilia dhidi ya vijidudu vya bandani mpaka mwili wake ujifunze kutengeneza yake.

Na mama naye ana muda wake. Mtoto anapopita njia ya uzazi, kule kutanuka kwenyewe huamsha homoni ya oksitosini kwenye ubongo wa mbuzi, na kwa saa chache pua yake inakuwa tayari kumjifunza mtoto. Humlamba huku akitoa ile sauti ya chini ambayo hutaisikia wakati mwingine wowote, na harufu ya mwanawe inaingia na kukaa. Watafiti waliolichunguza jambo hili miaka ya 1960 waliona kwamba hata dakika tano za kuwa pamoja mara tu baada ya kuzaa zinatosha. Lakini wasipokutana kabisa, mtoto akaletwa baada ya saa kadhaa, mbuzi wengi humpiga kichwa kama mtoto wa jirani. Kwa hiyo mwambie shemeji kwamba uamuzi wa kutenga siku ya kwanza haurudi nyuma kirahisi. Ukikosea ukataka kumrudisha, mama hamtaki tena.

Oksitosini hiyo hiyo ndiyo inayoteremsha maziwa kiweleni, na ndiyo inayokutoa wewe maziwa ukisikia kilio, hata kiwe cha mbuzi. Shemeji asikucheke. Mwili wako unafanya kazi yake, na kwa mama wa miezi minne ni dalili njema.

Jioni moja, kazi zikipungua, nenda ukasimame pembeni ya banda umtazame huyo mwenye mapacha anavyojilaza. Tazama miguu. Ataangalia walipo, atainua kwato moja, ataishikilia hewani, ataitua pembeni. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kwamba Mwenyezi Mungu aliigawa rehema sehemu mia, akabaki na tisini na tisa, akateremsha moja duniani, na kwa hiyo moja viumbe wote huhurumiana, hata farasi huinua kwato yake asimkanyage mwanawe. Niliisikia hadithi hii chuoni nikiwa mtoto, nikaikariri kama tulivyokariri nyingine. Niliielewa nikiwa mtu mzima, nimechuchumaa kwenye banda la watu usiku na taa ya mkono, mbuzi amezaa watatu na anatafuta pa kuweka mguu.

Turudi kwenye maziwa, kwa sababu shemeji ana haki ya kutaka kuuza na wewe unahitaji hizo pesa. Utaratibu ninaoupendekeza kwa nyumba yenye mbuzi wachache ni wa kugawana. Wiki mbili za kwanza wanambuzi wawe na mama yao usiku na mchana, msimkame, isipokuwa kiwele kikibana sana upande mmoja mumpunguzie kidogo. Kuanzia wiki ya tatu, baada ya Isha watoto waingie kwenye chumba chao kidogo ndani ya banda lile lile, mama awaone, awasikie na awanuse, ila wasifikie chuchu. Wakae wawili pamoja, juu ya majani makavu, mahali upepo haupiti. Baridi ya Lushoto ya Juni na Julai huua wanambuzi kwa homa ya mapafu. Ukimaliza sala ya Alfajiri, mkame mama yao. Halafu wafungulie, na mpaka jioni mama ni wao.

Usiku wa kwanza na wa pili watalia, na mama atajibu, na wewe utaamka. Hilo nakuambia mapema ili usidhani umefanya ukatili. Wanyama huzoea mpangilio usiobadilika. Kinachowatesa ni leo hivi, kesho vile.

Unapokama asubuhi usimalize. Mwanambuzi akifunguliwa atakikimbilia kiwele na kukigonga kwa kichwa, na kile kidogo ulichoacha pamoja na kinachoshuka kwa kugongwa kule ndicho kifungua kinywa chake. Anamalizia usafi ambao mkono wako hauwezi. Kiwele kilichokamuliwa sawasawa na mtoto hutengeneza maziwa mengine haraka, na hakiugui ovyo. Mbuzi ana bahati kwamba sehemu kubwa ya maziwa yake hukaa kwenye uwazi wa chini wa kiwele, kwa hiyo hushuka kwa mkono bila shida, tofauti na ng'ombe wetu wa kienyeji ambaye ndama asipotangulia kunyonya anafunga kabisa. Ndiyo maana kwa mbuzi mgawo huu unawezekana bila ugomvi.

Wapime hao wanambuzi kila Ijumaa. Mfunge mmoja kwenye kanga, mtundike kwenye mzani wa ndoano, andika ukutani kwa mkaa. Unatafuta ongezeko la gramu 100 hivi kwa siku, yaani gramu 700 hivi kwa wiki. Wakipungua chini ya hapo, sitisha kuwatenga usiku kwa wiki moja, haidhuru wateja wanasemaje. Na shika chuchu zote mbili kila asubuhi kabla ya kukama: mapacha hugawana pande, na yule mnyonge akianza kudhoofika, chuchu ya upande wake hubaki imejaa, na kiwele kilichojaa siku nzima ndicho kinachopata moto na mabonge. Wakifika wiki ya pili watatafuna majani kwa kuiga, waachie majani laini ya lukina na maji safi. Wakifika miezi mitatu, au kilo kumi, waachishe. Kama kuna kibeberu kati yao, asipitishe miezi minne akiwa na dada yake na mama yake. Atawapanda.

Umeniuliza kama kutenga ni dhambi. Hukumu ya jambo lenu mahsusi mkamwulize shekhe wenu, nanyi mmweleze kama nilivyoeleza hapa. Mimi nitakwambia nilichofundishwa, ambacho naona kinakaa pamoja na ninachokiona bandani. Katika vitabu vya madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu huku tunayafuata, imeandikwa wazi kwamba haifai kumkama mnyama mpaka mtoto wake akadhurika, na kwamba inapendeza anayekama abakishe kitu kiweleni na akate kucha asimuumize. Sahaba Dhirar bin Azwar alipokuwa akikama, Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, alimwambia aache kile kinachoyaita maziwa mengine. Na aliposhukia kwa Mwansari mmoja, mwenyeji akashika kisu kwenda kuwachinjia, alimwambia amwepuke mwenye maziwa. Hiyo ya mwisho iweke akilini, maana siku ya wageni wazito macho ya watu huenda kwa mbuzi mnene, na mbuzi mnene mara nyingi ndiye anayenyonyesha.

Kwa hiyo mpaka umewekwa kwenye madhara, na maziwa yenyewe ni halali yenu. Kukama ili mle na muuze ni neema. Kumtenga mtoto usiku akiwa ameshiba, akikua vizuri na kumwona mama yake, mimi sioni madhara humo. Kumwondoa siku ya kwanza ili kila tone liende sokoni, ilhali nyumba haina uwezo wa kumlea kwa chupa inavyopaswa, madhara yake nimeyaona nyuma ya migomba. Kuna kulazimika pia: mama akifa, akipata ugonjwa wa kiwele, akizaa watatu na mmoja akashindwa kugombea. Hapo chupa ni rehema, na unayemlea kwa chupa umemwokoa.

Sasa mwanao, na hapa naomba unisikilize kwa makini kuliko kwa mbuzi.

Maziwa yako si mepesi. Yanaonekana mepesi kwa sababu yanafanana na kazi yake. Mwanambuzi huongeza uzito wake wa kuzaliwa mara mbili ndani ya mwezi mmoja hivi, kwa hiyo maziwa ya mama yake yana protini gramu tatu na zaidi katika mililita 100. Mtoto wa binadamu huchukua miezi mitano kufika hapo, na maziwa yako yana gramu moja tu, ndicho kipimo chake. Mapishi ya mwanambuzi yakimwagwa kwenye tumbo la mtoto wa miezi minne, figo zake zinabeba protini na chumvi zisizo saizi yake. Na yamepungukiwa na vitamini ya foliki, ambayo damu haiwezi kutengenezwa vizuri bila hiyo. Watoto waliolelewa kwa maziwa ya mbuzi peke yake hupungukiwa damu, jambo lililojulikana kwa madaktari wa Ulaya tangu karne iliyopita. Tena yakiwa mabichi, yanaweza kubeba brusela, ule ugonjwa wa kutupa mimba ambao kwa watu huleta homa isiyoisha na maumivu ya viungo.

Mpaka miezi sita ni ziwa lako tu, bila maji, bila uji. Akifika sita, maziwa ya mbuzi yaliyochemka mpaka yakafoka yanaweza kuingia kidogo kwenye uji wake, pamoja na mboga, maharage na yai. Kikombe chake mwenyewe kingoje mwaka mmoja. Na ziwa liendelee mpaka miaka miwili, kama ilivyo katika Sura ya Al-Baqara aya ya 233 kwa anayetaka kukamilisha. Aya hiyo hiyo inasema mama asidhuriwe kwa ajili ya mwanawe wala baba kwa ajili ya mwanawe, na kwamba kumwachisha mtoto kuwe kwa ridhaa ya wazazi wawili na kushauriana. Kwa hiyo hili mliongee wewe na shemeji kwanza, chumbani, mkubaliane, ndipo mtoke na neno moja mbele ya mama.

Kama unataka ushahidi kwamba anashiba, hesabu nepi. Sita zilizolowa au zaidi kwa siku, na mstari wa kadi ya kliniki unaopanda, vinatosha. Kama mstari umelala miezi miwili, usikimbilie mbuzi, nenda kituo cha afya wakuangalie unavyomweka titini.

Na mama mkwe usimbishie. Anachokiona ni mkazamwana aliyekonda, mjukuu analia usiku, na bandani kuna maziwa. Nia yake ni kulisha. Mwombe, kwa adabu zake zote, awe yeye wa kukuchemshia maziwa ya mbuzi wewe mwenyewe, kikombe asubuhi na kikombe jioni, na uji wa ulezi katikati. Mama anayenyonyesha anahitaji chakula zaidi hata ya alipokuwa mjamzito. Mwambie, mama, maziwa yako yatamfikia mjukuu kwa kupitia kwangu. Nimeshuhudia nyumba mbili ambazo ombi la namna hiyo lilimaliza mvutano wa miezi.

Kuhusu Shani, mama mkwe amesema kweli kubwa. Mbuzi wengi huzaa wenyewe, na mikono ya watu wenye haraka imeua wanambuzi wengi kuliko uchungu. Usimvute, usimsukume, usiite majirani kumtazama. Ila kutomgusa si kutomwangalia. Mkunga mzuri anayemtegemea Mungu hukaa kimya kwenye kona akiwa amenawa mikono.

Kazi ya Shani imeshaanza tangu sasa. Mimba ya mbuzi ni siku 150 hivi, na sehemu kubwa ya mwili wa watoto hujengwa katika wiki sita za mwisho. Kama mlikuwa bado mnamkama, acheni leo. Mbali na majani, apate robo mpaka nusu kilo ya pumba na mahindi kwa siku, mgawe mara mbili, na jiwe la chumvi la kulamba. Akikataa chakula, akajitenga, akasimama amepumbaa au akashindwa kuinuka, usingoje kesho: ni sukari ya damu imemwishia, watoto tumboni wanaichukua yote. Mnyweshe molasi au maji ya sukari polepole huku shemeji anampigia daktari.

Siku yenyewe utaiona: mishipa ya pande za mkia inalegea, kiwele kinang'aa, anaparua majani na kuongea peke yake. Akianza kusukuma kwa nguvu, tazama saa. Unatarajia kwato mbili za mbele na pua juu yake. Nusu saa ikipita ya kusukuma bila kitu kusogea, hapo ndipo pa kuita mtu. Mtoto akitoka, futa ute puani tu, umwachie mama alambe kila kitu kilichobaki. Usimkaushe kwa kitambaa ukamnyima mama harufu. Chovya kitovu kwenye ayodini. Hii ayodini mama mkwe anaweza kuona ni kutoamini, lakini hata kitovu cha mjukuu wake hakikukatwa kwa kisu cha jikoni. Kondo la nyuma litoke lenyewe ndani ya saa kumi na mbili, usilivute, na likitoka lifukie chini sana mbwa wasilifikie.

Vaa glavu. Majimaji ya uzazi wa mbuzi hubeba brusela, homa ya Q na vijidudu vingine ambavyo mara nyingi havimwonyeshi mbuzi dalili yoyote. Nawa kwa sabuni mpaka viwikoni na ubadilishe kanga kabla ya kumshika mwanao. Na kama katika ndugu zako yupo mjamzito, siku hiyo asikaribie banda kabisa, hata kama ndiye mzoefu kuliko nyote, kwa sababu baadhi ya vijidudu hivyo huharibu mimba ya mwanamke kama vinavyoharibu ya mbuzi. Ikitokea Shani ametupa mimba, msiguse kwa mikono mitupu, fukieni, mkamwarifu afisa mifugo siku hiyo hiyo. Homa ya bonde la ufa ya 2006 na 2007 ilitangulia kuonekana mabandani, kwa mbuzi, kondoo na ng'ombe kutupa mimba kwa wingi.

Kwa wale mapacha, wiki mbili zinatimia siku nne zijazo. Shemeji anazo hizo siku nne za kutengeneza kizuizi cha chumba chao, na namwombea aifanye kazi hiyo mwenyewe. Fito zilizonyooka, zisiwe na ncha, zifungwe wima, na kati ya ufito na ufito aache nafasi ya pua kupita, lakini kichwa kisipite.